Kivuli Kwenye Ziwa la Chumvi

Ukungu uliwakuta katikati ya ziwa kavu, alfajiri ambayo walitumaini kulivuka kabla jua halijapanda. Ulianza kama kipande cha pamba kilichopita mbele ya kioo. Kisha ukafunga pande zote, na kabla fundi hajaondoa mguu kwenye mafuta, chumvi ikapasuka chini yao na magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope hadi bodi ikalala.

Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti. Aliyekaa kando yake alikuwa mama mkwe wake, mkunga, ambaye fundi alikuwa amekwenda kumchukua ng'ambo ya ziwa kwa sababu mkewe ameshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza na hataki mikono mingine ila ya mama yake. Tangu ndoa, heshima kati ya wawili hao ilikuwa nyingi kuliko maneno.

Mama alishuka kabla hajazuiwa. Ganda la chumvi likavunjika, kingo zake zikamchana muundi. Fundi akausuuza kwa maji ya kunywa, akaufunga kwa kitambaa. Chupa ikabaki nusu.

"Tuta la barabara liko wapi?" mama akauliza.

"Mbele, gari linakoelekea. Nililiona kabla hatujafunikwa."

"Basi twende. Yule mtoto hatangoja ukungu."

Fundi akawasha taa kubwa. Mara ukuta mweupe ukasimama mbele yao, karibu kiasi cha kuguswa. Kadiri taa zilivyong'aa, ndivyo walivyozidi kupofuka. Alilijua jambo hilo kutoka karakana: ukimulika moshi, moshi ndio unaouona. Akarudisha taa ndogo, akasimama mbele ya gari, na hapo akakiona kivuli chake. Hakikulala chini. Kilikuwa kimesimama ndani ya ukungu, kirefu kama mnara, na miale ya giza imekitoka mabegani.

"Kikiwa mbele yangu sawasawa," alisema taratibu, "gari liko nyuma yangu sawasawa. Siwezi kupotea."

Akatangulia peke yake kujaribu njia. Chumvi ililia chini ya viatu. Kivuli kilimwongoza kama mtu asiye na haraka, kikawa kijivu, kikawa moshi, kikayeyuka. Alipogeuka, taa hazikuwapo. Nuru ilikuwa kila mahali, juu, chini, ubavuni, sawa kwa sawa, wala haikuwa na inakotoka. Alijihisi kama anaelea ndani ya maziwa. Usingizi mtamu ukamjia, na wazo la kuketi kidogo tu.

Akatembea ili asiketi. Muda si mrefu akakuta nyayo, akafurahi, akaweka kiatu chake juu ya mojawapo. Kikaenea sawasawa. Zilikuwa zake mwenyewe.

Akakunja ngumi kama bomba, akaweka jicho, akajizungusha polepole. Nuru ya pembeni ilipozibwa, upande mmoja ukaonekana mweupe zaidi, kwa mbali sana, kama kumbukumbu. Akaufuata, hadi zile taa zikamtokea, mbili, kila moja na duara lake la maziwa.

"Nimezunguka," alikiri.

"Nimesikia viatu vyako vikipita kulia, kisha kushoto," mama akasema. "Nilikuita, hukuitika. Sasa tunakwenda wote. Leta tochi."

Mama hakuishika usawa wa macho. Aliishusha hadi chini ya goti, na mwanga ukapenya chini ya weupe, ukailamba chumvi; kila unyayo nyuma yao ukajaa kivuli kama kikombe. Fundi alitangulia. Mama alichechemea nyuma, akiegemea mpini wa sepetu iliyotoka garini, akigeuka kila mara kuangalia mstari wa nyayo.

"Unapinda. Kulia kidogo. Hapo hapo."

Maji yaliisha. Kitambaa kikalowa damu, na chumvi ikamfanya mama aume meno. Hatimaye akasimama.

"Panda mgongoni," fundi akasema bila kumtazama.

"Mkwe wangu, watu watatuonaje?"

"Nani anatuona, mama?"

Mama akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza fundi kukisikia kwake, akapanda. Sasa aliongoza kutoka begani, akiangalia nyuma, tochi ikining'inia karibu na goti la fundi. Weupe uligeuka manjano. Jua likajitokeza, bapa, halina miale, mtu angeweza kulikodolea macho. Kisha chini ya miguu pakainuka kokoto, na juu ya tuta lori la chumvi lilikuwa limeegeshwa, dereva wake akisubiri pafunguke. Aliwatazama wakipanda kutoka kusikokuwa na kitu, akafungua mlango bila kuuliza.

Walifika nyumbani kwa fundi mchana umekwisha kuingia. Mama alinawa hadi viwikoni, akaingia chumbani akichechemea, akafunga mlango. Fundi aliketi barazani, chumvi imemkaukia hadi magotini, akitazama ukuta wa jirani, kamba ya nguo, paa la mbali, akishangaa kila kimoja kina mwisho wake.

Mtoto alilia. Baadaye mlango ukafunguliwa.

"Ingia, mwanangu. Pole pole, mtoto ana macho wazi."

Mkewe alikuwa amelala, amechoka, anatabasamu. Mtoto aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Ananiona?" fundi akanong'ona.

"Anaona nuru na ukungu tu," mama akasema, akimweka mikononi mwake. "Msogezee uso. Wewe utakuwa wa kwanza kumtokea humo."