Hodi ya Tatu Kinyinya

Jumamosi ile, jua likizama, nilipanda pikipiki kutoka Kicukiro mpaka Kinyinya, hapahapa Kigali, kupeleka mapazia. Mimi ni Pamela, mshonaji, mzaliwa wa Tanga. Mteja wangu alikuwa Mzee Kabera, Mnyarwanda aliyekulia Tanzania, akasimamia kiwanda kimoja kule kwetu kabla ya kurudi kwao kujenga.

Mukasine, mfanyakazi wake, alinifungulia geti.

"Dada, maji ya hapa iko na chumvi. Fundi alibadilisha bomba yote. Bado tu."

Ndani palinuka mwani. Kutoka Kigali hadi bahari ni safari ya siku mbili... lakini palinuka mwani.

Kabera alikuwa amejikunyata kitini. Madirisha yote ameyabandika magazeti.

"Umeyashona mazito? Sitaki anione."

"Nani, mzee?"

Akaninong'oneza kama mtu anayeungama. Ufukweni, kando ya kiwanda, palikuwa na kaburi la sharifu, la tangu kabla Wajerumani hawajaleta reli na mkonge. Kila Alhamisi watu walifukiza ubani pale. Hata wafanyakazi Wakristo walipita kuomba kabla ya kuwasha mitambo. Mwaka tisini na nane kiwanda kikataka uwanja wa malori. Bibi mmoja, mtunzaji wa kaburi, akalala juu yake, akagoma kuondoka.

"Nikamwambia dereva wa tingatinga asisimame," alisema. "Zege tukalimwaga siku hiyohiyo."

Mkasi niliokatia kamba ya furushi la mapazia ulinitoka mkononi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa. Sisi tuliambiwa bibi yangu, mtunzaji wa kaburi lile, amechukuliwa na maji. Mama alizunguka pwani siku arobaini, akitafuta walau kanga yake.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Hodi..."

Sauti niliijua. Ndiyo iliyonibembeleza utotoni.

Kabera akanidaka mkono. "Usiitikie! Kila jioni anabisha mara tatu. Asipokaribishwa huondoka."

"Hodi, wenyewe..."

Maji yakapenya chini ya mlango. Meusi. Yana mchanga.

"Nina watoto," Kabera akanong'ona. "Nakuomba, mwanangu."

Hata mama yangu alikuwa na mama.

"Hodi..."

"Karibu, bibi," nikasema. "Ingia ndani. Yupo."

Kabera aliniachia mkono. Alinikazia macho, akaniangalia paji la uso, pua, mdomo... ndipo akanitambua.

Mlango ukafunguka wenyewe. Nikatoka.

Asubuhi Mukasine alinipigia simu akilia. Mzee amekutwa palepale kitini, kinywa kimejaa zege, limeshaganda. Daktari hakujua aandike nini.

Sijutii. Naapa sijutii. Nilimpigia mama, nikamwambia bibi amelipiza kisasi, naye akalia, akashukuru, akasema sasa atalala.

Kuna jambo moja sikumwambia.

Nilipotoka, nilipishana mlangoni na aliyeingia. Bega lake liligusa langu. Nikainua macho nimwone bibi kwa mara ya mwisho.

Sauti ilikuwa yake.

Uso haukuwa wake, wala wa mtu yeyote niliyepata kumwona.