Revai Aliuliza, Tukamwimbia

Alhamisi ni siku ya akina mama. Kijijini Chirove, mchana huo wanawake hawaendi shambani. Sadza, yaani ugali, hupikwa mapema, watoto huachiwa bibi zao, na akina mama hupiga pasi blauzi nyekundu za kanisa, sare ya kundi lao la maombi.

MaSibanda aliipenda sana blauzi yake. Siku binti yake Revai alipovalishwa ya kwake mbele ya kanisa, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akajisemea, "Sasa mwanangu amefika." Tangu siku ile hakuna aliyemfundisha Revai kitu. Sare anayo, afundishwe nini tena?

Kisha Revai akajifungua mtoto aliyekwisha kufa.

Kwa desturi yao, mtoto wa namna hiyo hana matanga. Bibi wawili wa kijiji walimchukua, wakamzika kwenye udongo mbichi kando ya mto. Mchungaji hakuitwa. Revai hakuonyeshwa mahali.

"Usilie hivyo," MaSibanda alimwambia. "Wewe ni mwanamke wa blauzi. Watu watasema imani yako ndogo."

"Labda ni ndogo kweli, mama."

"Koma! Alhamisi tunakwenda."

Wakaenda. Wakati wa ushuhuda Revai akasimama. Watu walitazamia ashukuru, kama kawaida. Yeye akasema, "Mama zangu, naomba kuuliza. Mtoto wangu yuko wapi? Mungu alimwona?"

Pale kanisani, mtu akisema yasiyofaa huanzishiwa wimbo ili akae. MaSibanda aliona aibu. Akaanzisha wimbo yeye mwenyewe. Wanawake wakaudaka, ngoma ikalia, wakacheza. Revai alibaki amesimama, bado anauliza, hasikiki. Mwisho akakaa.

Hakwenda tena kanisani. Blauzi aliisukuma chini ya magunia. Chakula alikionja tu. Akawa anashinda ukingoni mwa mto, akitazama maji. Mama yake alimfuata kwa mbali, maana mto ulikuwa umejaa.

Hofu ilipomzidi, MaSibanda alikwenda kwa jirani yake, Mai Tapfuma, kiongozi wa kundi lao la maombi. Alimkuta anamenya karanga.

"Mwenzangu, mwombeeni Revai. Amerudi nyuma."

"Amerudi nyuma kutoka wapi? Kwani sisi tulimfikisha wapi?"

"Si tulimvalisha?"

"Tulimvalisha, tukamwacha. Mimi nilipaswa kwenda kwake kila wiki, tusome, tuombe, aulize. Sikwenda hata mara moja. Nilishughulika na nyimbo za mkutano." Akaweka ungo chini. "Mtu haachi imani kwa sababu ameuliza. Huiacha akiona hana wa kumuuliza. Na wimbo ule, nani aliuanzisha?"

MaSibanda alitazama maganda ya karanga. "Mimi."

"Mh! Mwanao wa kumzaa."

"Niliona aibu. Sasa nifanyeje? Majibu sina, shule yenyewe niliishia darasa la nne."

"Hata mchungaji hana majibu yote. Twende tukakae naye. Tusimkataze kulia. Akiuliza tusilolijua, tuseme hatulijui. Tusome kidogo, tuombe kidogo, na wiki ijayo turudi."

Walimkuta mtoni. Hakuwageukia.

"Mmekuja kuniimbia?"

"Hapana, mwanangu," MaSibanda alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha." Akaketi kwenye matope na nguo yake nzuri.

Wakarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. MaSibanda aliwaendea wale bibi, akawabembeleza mpaka wakakubali kumwonyesha Revai mahali alipolala mtoto. Revai alilia pale mpaka akaishiwa nguvu. Hakuna aliyemnyamazisha. Mai Tapfuma alisoma Biblia polepole, habari za watu waliomlilia Mungu.

"Kumbe hata wao?" Revai aliuliza.

"Hata wao."

Akaanza kula. Akaanza kuuliza tena, maswali magumu, na mara nyingi jibu lilikuwa, "Hilo sijui, mwanangu." Kanisani hajarudi bado.

Siku moja Mai Tapfuma alitaka kuhitimisha kikao chao kwa maombi. Revai akasema, "Leo niachieni mimi." Akafumba macho. "Mungu, nimekukasirikia. Umemchukua kabla hajanitazama. Lakini nasema na wewe, maana sina mwingine."

MaSibanda alitaka kumkatiza. Akajizuia. Akamshika mwanawe mkono, akasema, "Amina."