Ugali wa Krismasi Litapunga

Nyumbani kwa Immaculata, kijijini Litapunga, Desemba haina mapumziko. Mvua imeshakolea. Mahindi yanataka palizi, na mbuzi wanataka mtu wa kuwafunga mbali na shamba. Mumewe, Ladislas, hutoka na jembe asubuhi na mapema. Binti yao, Aline, ana miaka minane. Huyo huchota maji, na akimaliza huchezea matope.

Kila mwaka ukoo wa Ladislas ulikula Krismasi Mpanda mjini, kwa kaka yake mkubwa, Méthode. Walikula wali wa dukani na kunywa soda. Safari hii Méthode alisema zamu ni ya Ladislas. Mama yao naye angekuja kutoka Mishamo.

Immaculata alifurahi, halafu akaogopa. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno lake moja lilitosha mwaka mzima. Aliwahi kusema kwamba Krismasi ya kununua dukani ni ya watu wasio na mikono. Basi Immaculata akaapa kwamba chakula chote kitatoka kwake: jogoo, maharage, mchicha. Zaidi ya yote, ugali wa muhogo, ule mweupe unaovutika. Kwa watu wao, waliotoka Burundi zamani, sherehe bila ugali huo ni mkutano tu.

Muhogo mtamu ulikuwa umekwisha. Uliobaki ni ule mchungu, ukingoni mwa shamba. Watu huupanda huko kwa sababu nguruwe pori hawaupendi. Immaculata alijua kazi yake. Muhogo huo humenywa, hulowekwa kwenye pipa mpaka ulainike, huanikwa, ndipo husagwa. Lakini palizi ilimshika, na alipokumbuka pipa, Krismasi ilikuwa mlangoni.

Haraka haraka haina baraka. Immaculata alilijua hilo pia, na akafanya haraka. Aliukata muhogo vipande vidogo, akauloweka usiku mmoja tu. Jua halikuonekana, kwa hiyo akaukausha juu ya jiko. Mashineni unga ulitoka mweupe pe, na weupe huo ukamdanganya.

Mkesha wa Krismasi, mchana, mama mkwe alikuwa ameshafika. Immaculata alisonga ugali kidogo wa kujaribia. Alionja tonge moja, akasikia uchungu kwa mbali. Akadhani ni moshi. Aline alikuwa na njaa, akala uliobaki wote kwa maharage.

Haukupita muda mrefu, Aline akalalamika kichwa. Akatapika. Alipojaribu kusimama, akayumba. Mama mkwe alisema mtoto ametupiwa jicho baya. Ladislas alisema ni malaria, akaanza kutafuta vidonge vilivyobaki.

Wakati huohuo jirani yao, Hana, aliingia kuazima chekecheke. Hana ni mhudumu wa afya wa kitongoji. Hakuuliza habari za jicho. Aliuliza mtoto amekula nini. Aliposikia ni ugali wa muhogo, akauliza muhogo huo ulikaa majini muda gani.

Mama mkwe alikuwa palepale kwenye mkeka, anasikiliza. Kusema kweli kulikuwa ni kujivua nguo mbele yake. Immaculata angeweza kusema siku nne, na nani angebisha? Aline akatapika tena.

“Usiku mmoja,” Immaculata akasema. “Ni ule mchungu. Niliuharakisha.”

“Basi hiyo ni sumu ya muhogo,” Hana akasema. “Vidonge vya malaria haviwezi kuitoa. Baba Aline, ita bodaboda, aende zahanati sasa hivi. Na kule semeni alichokula. Nyie msifiche kitu.”

Njiani Immaculata alimkumbatia mwanawe na kumwita jina lake bila kuacha. Mwanzo Aline aliitika, baadaye akaitika kwa shida. Immaculata hakuwahi kuogopa hivyo tangu azaliwe. Zahanati walimwekea dripu, wakakaa naye karibu. Asubuhi ya Krismasi, Aline aliomba maji. Kisha akauliza kama jogoo ameshachinjwa. Immaculata akalia mbele ya muuguzi, wala hakujali.

Waliporudi nyumbani, Méthode na familia yake walikuwa wamefika. Hana naye alikuja kumwona mgonjwa, na watu wote wakamzunguka.

“Muhogo mchungu una sumu ndani yake,” aliwaambia. “Ukiukausha tu, sumu haitoki. Ukisonga ugali, haitoki. Kinachoitoa ni maji na muda. Umenye, uuloweke siku tatu au nne, mpaka uwe laini kabisa. Yale maji yamwage. Halafu uanike ukauke vizuri.”

Méthode akauliza, je, kama wageni wako njiani na muhogo haujalainika?

“Wageni wale viazi,” Hana akajibu.

Ladislas alitaka kuwapa kuku ule unga uliobaki. Hana akakataa, kwa kuwa sumu haichagui. Ladislas akachimba shimo, akaufukia.

Krismasi hiyo walikula jogoo, maharage na viazi vitamu. Vyote vilitoka shambani. Immaculata aliandaa akiwa ameinamisha kichwa, akingoja neno la mama mkwe. Lilikuja walipomaliza kula.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema, “jana ungeyaogopa macho yangu, leo tungekuwa msibani.”

Hakuongeza lingine. Hata habari ya jicho baya hakuigusa tena. Alikaa mpaka Mwaka Mpya, na muhogo mwingine ulipowekwa kwenye pipa, kila asubuhi yeye ndiye aliyeuminya kwa kidole gumba. Mara mbili alisema bado. Ulipolainika, jua likatoka, wakauanika juu ya mwamba mpaka ukakauka kabisa.

Siku ya Mwaka Mpya ugali ulitengwa, mweupe na laini. Watu wote wakanawa isipokuwa Aline. Alikunja mikono, akamtazama mama yake.

“Mama, huu ulikaa majini?”

Immaculata hakuapa. Alimega tonge la kwanza, akala, na mtoto akimwona. Mama mkwe akamega la pili. Aline akangoja mpaka wote wawili wakameza. Kisha akasogeza bakuli la maji, akanawa.