Grisi ya Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Spana alitandaza boksi kuukuu chini ya pikapu, akajilaza chali juu yake, kisha akajisukuma ndani kwa visigino. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na hilo la Spana halikuwa jina lake la shuleni. Babu yake ndiye aliyembandika. Tangu alipojua kutembea, kazi yake ilikuwa kumpa Babu spana, na mara nyingi alimpa isiyo yenyewe.

Babu alifariki mwaka juzi. Pikapu ilikuwa yake. Kwa mwendo wake wa taratibu, nyumba nzima iliiita Kobe. Rangi yake ya buluu ilikuwa imepauka, na mlango wa abiria haukufunguka mpaka upigwe goti. Mama yake Spana aliirithi, akaitumia katika kazi yake ya kukodisha viti na meza za shughuli. Mama ndiye aliyeendesha, na mama ndiye aliyegombana na wateja waliorudisha viti vilivyovunjika miguu. Lakini grisi ilikuwa ya Spana. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe, Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, saa ambazo mama huwa sokoni, asijue lolote.

Babu alikuwa amemwonyesha kila kitu. Mwisho wa springi, pale chuma kinapojikunja kama sikio, hupita pini. Katikati ya pini na sikio hilo hukaa bushi, kipande kidogo cha mviringo kinachozuia vyuma visisagane. "Hapa ndipo Kobe anapoumwa magoti," Babu alizoea kusema, huku akiminya bomba la grisi mpaka grisi ichungulie pembeni. Halafu alijifuta vidole kwenye suruali na kuendelea na wimbo wake, wimbo ambao hakujua hata nusu ya maneno yake. Asipojua neno alitia lake. Spana alikuwa akicheka hadi mbavu zinamuuma.

Sasa, akiwa peke yake chini ya gari, harufu ile ya grisi ilimrudisha Babu mzima mzima. Aliona soli za viatu vyake na kusikia pumzi zake. Ndiyo maana hakukosa hata Jumamosi moja.

Jambo moja tu lilikuwa limebadilika. Tangu mwaka jana, vile vitundu vya kuingizia bomba la grisi havikuwepo tena. Spana hakumuuliza mtu. Alichota grisi kwa kidole na kuipaka kuzunguka bushi zote, kisha akadondoshea oili iliyokwisha kutumika, ili ipenye hadi ndani. Alijiona amemzidi hata Babu.

Lakini Kobe alianza kulalamika. Kwenye matuta aligonga, kong, kong. Kwenye kona, sehemu ya nyuma ilivuta upande wake, kana kwamba ina safari nyingine. Kisha siku moja, mama akipeleka viti harusini, gari liliyumba vibaya na viti vikamwagika barabarani. Watoto waliokuwa wakitoka dukani walikimbia kuvikwepa. Hakuna aliyeumia, lakini mama alishuka, akawahesabu watoto wale mmoja mmoja.

Asubuhi iliyofuata alimpeleka Kobe kwa fundi, Spana akiwa kando yake.

Fundi alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa waya, rafiki wa Babu tangu ujana wao. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye meza moja nzito na matairi ya zamani yaliyogeuzwa viti.

"Shikamoo," alisema mama, lakini ilikuwa shikamoo ya kutupwa.

"Marahaba, binti yangu. Kobe anasemaje leo?"

"Anasema umenifanyia mchezo. Bushi ulinibadilishia mwaka jana tu, na jana nusura niue watoto wa watu."

Fundi hakubishana. Alipiga jeki, akaliegemeza gari juu ya magogo, akafungua nati na kuchomoa pini. Bushi zilizotoka zilikuwa zimevimba na kulainika kama mkate uliolowa chai. Alipoibonyeza moja, kipande kilibaki kidoleni mwake. Akakinusa.

"Mpira huu umelishwa grisi," alisema.

"Na nani? Gari linalala uani kwangu."

"Sijui. Ila si mimi."

"Fundi, ukikosea sema umekosea! Uliniwekea mpira wa bandia, basi. Mimi nimechoka. Kuna mtu analitaka gari hili alikatekate auze vipuri. Kesho namwita aje alichukue."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la ovaroli, ingawa pindo lilikuwa chafu kuliko miwani. "Marehemu baba yako na mimi tulikula sahani moja," alisema polepole. "Kweli nikufanyie wewe mchezo?"

Spana alisimama karibu na gurudumu. Akisema, mama angejua ni nani aliyemwaga viti barabarani. Akinyamaza, Fundi angebaki tapeli na Kobe angekatwa vipande. Na lilikuwepo jambo jingine lililomuuma kuliko kugombezwa. Kama grisi ndiyo iliyoua bushi, basi Babu alimfundisha makosa, na Spana hakutaka kabisa Babu awe na kosa.

Alimtazama Fundi. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anazikusanya bushi mbovu moja moja kama anayeokota vitu vyake ahame. Spana akapiga moyo konde.

"Mama, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Mimi ndiye ninayepaka grisi. Kila Jumamosi. Na oili pia." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Fundi hana kosa. Nilikuwa nafanya kama Babu."

Mama alikaa juu ya tairi. Fundi alivaa miwani yake na kumtazama msichana yule.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Babu yako hakukosea hata kidogo, umesikia? Bushi zake zilikuwa za shaba. Shaba bila grisi inalika. Mwaka jana sikuzipata tena, nikabadilisha hadi pini, nikaweka za mpira. Mpira ni kinyume chake, ukiupaka grisi unaoza. Na mimi nina kosa langu, maana sikuwaambia. Nilidhani wanaojilaza chini ya Kobe wameshakwisha."

Mama aliposikia hayo aligeuza uso pembeni. Alipomgeukia tena Fundi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nisamehe, baba. Nimekuvunjia heshima mbele ya mtoto."

"Yamekwisha. Shika msasa, kazi inatusubiri."

Walifanya kazi watatu. Mama alisugua masikio ya springi kwa msasa, na Spana akayaosha kwa sabuni mpaka yakaacha kuteleza. Bushi mpya zilipakwa povu la sabuni tu, zikaingia kwa kusukumwa na kiganja. Pini zikarudi mahali pake. Spana alinyakua spana ili akaze nati, na safari hii ilikuwa yenyewe, lakini Fundi akamzuia.

"Bado. Lishushe gari kwanza."

Kobe alipokanyaga chini, mama aliifuta mikono yake, akamvuta binti yake karibu.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Jana tungeweza kuumiza watu. Lakini ungenyamaza leo, ningempoteza Fundi na gari la baba yangu siku moja, tena kwa jambo ambalo si kweli. Ukikosea tena, na utakosea, fanya hivihivi. Sema mapema. Yule mtu wa vipuri atafute gari jingine."

"Na mimi niongeze," alisema Fundi. "Unajua Babu yako alijuaje mambo ya grisi? Aliniuliza. Aliuliza mpaka nikawa najificha nikimwona anakuja! Ukitaka kumfuata, usiige mikono yake tu. Uliza kama alivyouliza."

Spana alijifuta pua kwa mkono wa blauzi. Alilitazama gari, akazitazama nati ambazo hazijakazwa.

"Fundi, kwa nini hatukukaza gari likiwa juu?"

"Kwa sababu juu springi inaning'inia. Ukikaza pale, mpira unashikwa ukiwa umekaa vibaya. Gari likishuka unajinyonga kila siku, mwisho unachanika."

"Na gari likibeba viti vingi, si springi inashuka tena? Mpira haujinyongi?"

"Unajinyonga kidogo, lakini..."

"Kidogo kiasi gani? Na tukipakia meza je?"

Fundi alimwangalia mama, na mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Haya, Fundi," alisema. "Amerudi huyo. Tafuta pa kujificha."