Mkato wa Kalunde

Sauti ya Nyamizi ilitoka mwezini, ikaingia kwa waya mwembamba wa ukutani, ikaja kuketi kwenye kochi la mama yake, Kalunde, huko Tabora, kama mgeni asiyesubiri kukaribishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kigeuzi. Kutoka mwezini haiji sauti, zinakuja namba, mamilioni kwa mamilioni. Kigeuzi, kisanduku kisichozidi ukubwa wa sinia la chai, huzipokea namba hizo, huzipanga na kuzigeuza kuwa hewa inayotikisika. Kikiwa na bodi nzuri za saketi, unaweza kuapa kwamba mtu yuko mbele yako anakunywa maji yako. Na siku hiyo kilikuwa na bodi mpya kabisa, mbili, zilizofungwa asubuhi ileile na fundi wa kampuni, bure bilashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Kazi?"

"Nzuri."

"Na afya?"

"Salama kabisa."

Kalunde hakuyatilia maanani majibu hayo. Mtu aliyelelewa vizuri husema nzuri hata akiwa amelazwa na mguu umening'inizwa juu. Ukweli hukaa kwenye pumzi, na ndiyo sababu watu husalimiana kirefu: wanapeana nafasi ya kusikilizana vifua. Lakini leo pumzi haikuwepo. Neno lilihitaji karibu sekunde tatu kwenda mwezini na kurudi, na kwenye bodi za zamani sekunde hizo zilijaa mivumo, mikwaruzo na mtu anayevuta kamasi. Sasa zilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa.

"Mama, nimeamua kuongeza mkataba. Nasaini Ijumaa."

"Ijumaa si ndiyo chombo kinaondoka kurudi?"

"Ndiyo. Kingine ni baada ya miaka miwili. Kwa hiyo usinipikie."

Ilikuwa Jumatano. Kalunde alikunja uso, lakini mdomo ukachagua mzaha. Maisha yalikuwa yamempiga mara nyingi, naye akagundua kwamba ukicheka kwanza, ngumi inayofuata huja na haya kidogo.

"Ongeza tu. Yule mchumba wako wa Urambo kaoa. Siku ya harusi nyuki wa babu yako wakamvamia, akaingia ukumbini na midomo kama maandazi mawili. Bibi harusi akauliza, 'Ndiye huyu, au mmeniletea mjomba wake?'"

Sekunde tatu. Kisha Nyamizi akacheka. Kicheko kilipanda, kikapasuka, kikaisha.

Mkato mzuri, Kalunde akawaza. Akashtuka. Mkato gani?

Miaka kumi na minane alikuwa msafisha sauti redioni. Wazee walikuja studio kuzungumza, wakakohoa, wakapenga, wakameza mate; yeye akakata. Siri yake ilikuwa moja. Usikate mpaka kimya kiwe kaburi. Acha chembe ya hewa ya chumba, ili sikio lipite bila kujikwaa. Hakuna mwingine aliyekata hivyo. Mwaka wake wa mwisho walimletea mashine, ikakaa naye ijifunze mkono wake. Mashine ilipohitimu, yeye akapewa saa ya ukutani na makofi.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Cheka tena."

"Nini?"

"Cheka tena, nimesema!"

"Mama, dakika zangu za wiki zimebaki tano. Naziweka kwa ajili ya Ijumaa. Haya, kwaheri."

Kalunde alibaki akilitazama kochi tupu. Kisha akampigia fundi.

Fundi mwenyewe, Pazi, alikuwa Mzaramo aliyehamia Tabora, na kwa Mnyamwezi kama Kalunde huyo ni mtani wa kuzaliwa. Alikuwa bado mtaa wa pili. Alifika na mfuko wake begani, meno yote nje.

"Mtani, rudisha bodi zangu," Kalunde akamwambia mlangoni.

"Wanyamwezi bwana! Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu kutoka huku mpaka pwani kwa miguu, hakununa. Wewe umebebewa sauti mpaka sebuleni, unanuna."

"Na alipofika pwani alimkuta babu yako anacheza ngoma kwenye shamba alilokwisha kuliuza. Weka bodi mezani."

"Siwezi. Za zamani natakiwa kuzikata mguu mmoja zisifanye kazi tena, na kuzirudisha kiwandani. Ndiyo amri."

"Pazi, mwanangu amecheka, na kicheko kimekatwa. Nini kimekatwa mwishoni?"

Meno ya Pazi yakaingia ndani. Alitazama mlango, akatazama kigeuzi. "Mimi kama fundi, mdomo wangu umefungwa kwa mkataba," akasema polepole. "Lakini mtani akibwabwaja, nani atamshitaki?"

Hapo alisema kweli. Mtani husema msibani jambo ambalo mwingine angelisema angeng'olewa meno, na hakuna wa kumshika kwa neno lake.

"Bwabwaja," Kalunde akasema.

"Basi nakutania. Jirani yako mwalimu Sizya ana kigeuzi kama chako, tena kibovu zaidi. Mbona sijampelekea bodi mpya?"

"Kwa nini?"

"Hana mtoto mwezini." Pazi aliupapasa mfuko wake. "Nimefunga bodi nyumba arobaini na moja. Zote za watu wenye watoto wanaochimba vumbi mwezini, kama wako. Natania tu, mtani."

Kalunde hakucheka. Hasira ilianzia miguuni. Sheria aliijua, maana redioni waliikariri wote: ni marufuku kugusa namba za mtu zikiwa njiani. Lakini sheria haikusema lolote kuhusu bodi iliyomo ndani ya kisanduku chako, sebuleni kwako, uliyofungiwa kwa ridhaa yako mwenyewe.

Alipiga meza, vikombe vikaruka.

"Mmeingia kwangu! Nikawapa chai, nikawapa asali, mkaniziba masikio, na mimi nikasema ahsante! Na wewe ulijua!"

"Nilijua nyumba. Sababu sikuijua."

"Hukuijua kwa kuwa hukuuliza! Ukaona zawadi inachagua milango, ukanyamaza. Mimina huo mfuko!"

Pazi akamimina. Bodi zilitapakaa mezani, kila jozi ikiwa na jina la nyumba. Kalunde aliijua yake bila kusoma, kwa tone la rangi nyekundu ya kucha alilolitia mwaka alioitengeneza mwenyewe. Ilikuwa imekatwa mguu mmoja wa shaba. Akawasha pasi ya kuchomelea na kuvaa miwani. Mikono ilipoigusa bodi ikatulia, kama mbwa anayemjua mwenyewe. Akauunga mguu kwa risasi iliyoyeyushwa, akang'oa bodi mpya, akarudisha zake.

Namba za mazungumzo ya alasiri ile zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kigeuzi. Akazirudisha mwanzo.

Nyamizi akasema nzuri. Akasema salama kabisa, na chini ya neno kabisa kifua kikapiga filimbi. Akacheka. Kicheko kikapanda, kikapasuka, kikawa kikohozi: kikavu, kirefu, kama mtu anayekwangua sufuria kwa jiwe. Vumbi la mwezini halijawahi kuonja maji wala upepo, kwa hiyo kila punje ina makali ya kioo. Lakini hakikuwa kikohozi kimoja. Nyuma yake kulikuwa na kingine. Na kingine. Foleni nzima ya watu waliokuwa wakisubiri zamu ya simu, wanakohoa.

"Nani aliifundisha mashine ya bodi hizi mpya kufuta hivi?" Pazi akanong'ona.

"Mimi, kule redioni," Kalunde akasema.



Kalunde akabonyeza namba ya mwezini. Dakika tano.

"Mama? Si tulisema Ijumaa?"

"Kohoa."

Sekunde tatu, safari hii zimejaa feni na miguu ya watu.

"Mama, mimi sina..."

"Nyamizi! Nimekutania tangu siku uliyozaliwa. Leo sitanii. Kohoa nikusikie."

Kwanza ilikuja pumzi. Kisha kikaja chenyewe, na Kalunde, ambaye kidole chake kilikuwa kimezoea kukata kabla hajafikiri, akakiacha kipite chote.

"Walituambia nyumbani hakifiki," Nyamizi akasema alipopata sauti. "Walisema tukohoe tu, tusijibane, hamsikii."

"Kimefika. Na ile salama kabisa yako?"

"Nilijibu ulivyonifundisha."

Neno hilo lilimchoma. Akalimeza hivyohivyo.

"Daktari wa kampuni anasema ni vumbi tu, litatoka," Nyamizi akaendelea.

"Litatoka umekaa kwenye kochi langu. Husaini. Ijumaa unapanda chombo, hata kama itabidi wakupakie na magunia."

"Mama, na wenzangu?"

"Wangapi wanakohoa?"

Sekunde tatu, kisha nyingine tatu.

"Wote."

"Waambie kila atakayepiga simu kesho akohoe kwa nguvu zake zote. Kwao kutasikika. Utapanda?"

"Nitapanda."

"Sema tena, nisikie kifua."

"Nitapanda, mama," akasema Nyamizi, na kifua kikapiga filimbi, na simu ikakatika.

Kalunde alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena. Upande wa pili wa meza Pazi alikuwa amekwisha kupanga zile bodi nyingine kwa mitaa, nyumba arobaini. Alikuwa ameivua kofia yenye nembo ya kampuni na kuzitia ndani yake skrubu zote.

"Pasi bado ina moto?" akauliza.

"Haijanifikia mimi. Leta ya kwanza."

"Mama Milembe, mtaa wa Ng'ambo."

Kalunde akaishika bodi ya Mama Milembe kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta mguu uliokatwa.