Plastiki Haili Mafuta

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda ukuta wa matofali kwenye kona ya uchochoro, msichana aliyeitwa Kibrashi na mama yake walikuwa wameshatandaza vifaa vyao kivulini: ndoo mbili, sponji, vitambaa vilivyokatwa kutoka fulana kuukuu, tepu ya karatasi, na miswaki mizee iliyokwisha kustaafu kazi ya meno. Mswaki mmoja ulikaa daima nyuma ya sikio la msichana, na ndio uliompa jina hilo.

Kuosha magari wengi wanaweza. Mama yake alikuwa na kazi ya zaidi: alizirudishia uhai plastiki nyeusi za nje ya gari, yaani bampa, vifuniko vya vioo vya pembeni na mikanda ya milangoni. Jua huzichoma mpaka zinakuwa kijivu kama jivu la jana. Mama alizisugua, akazikausha, kisha akazipaka dawa ya kuzilinda.

Jumamosi hiyo dereva wa zahanati alileta gari la wagonjwa. Bodi yake ilikuwa nyeupe safi, lakini plastiki zake zilikuwa hazitazamiki.

"Mama Kibrashi," dereva alisema, "zahanati ina magari matatu. Muuguzi mkuu anasema tuanze na hili. Likikaa wiki mbili bila kuharibika, mengine mawili ni yako, na utayatunza yote mwaka mzima."

Mama hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alisema tu, "Litakaa." Kwa mwaka mzima alikuwa akifanya kazi kwenye kona ile bila mteja wa kudumu hata mmoja.

Walianza upande wa kulia. Kufikia saa tatu dawa ikawa imekwisha, nao upande wa kushoto haujaguswa.

"Nakwenda dukani," mama alisema. "Wewe sugua mikanda ya milango. Usipake kitu. Nitapaka mwenyewe."

Kibrashi alisugua. Maji yalitoka machafu, akamwaga, akasugua tena, na bado yakatoka machafu. Saa nne darasa lao lilikuwa na mechi ya netiboli, na yeye ndiye mfungaji. Mkono ukaanza kumlegea.

Ng'ambo ya uchochoro alikaa muosha magari waliyemwita Mng'aro. Magari yake yote yalitoka yakimetameta kama yametoka kiwandani, na mengi yalirudi baada ya siku tatu yakiwa na wenyewe wenye hasira.

"We mtoto, unasugua au unachimba kisima?" Mng'aro alicheka. Akaja na kopo lililojaa mafuta meusi ya injini yaliyochanganywa na dawa ya viatu. "Ngozi yako ikipauka unaifanyaje?"

"Naipaka mafuta."

"Basi na plastiki imepauka. Ipake mafuta! Dakika tano tu, unakwenda zako kwenye mpira."

Neno lilimwingia. Ni kweli, hata mama husema plastiki imepauka, kama anavyosema miguu ya mtoto imepauka. Kibrashi akalichukua kopo. Dakika tano hazikutimia, plastiki zote za upande wa kushoto zilikuwa nyeusi tii.

Mama aliporudi na chupa ya dawa mkononi, alisimama. "Umepaka nini?"

"Ile dawa iliyobaki chini ya chupa, mama. Ilitosha."

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Kulikuwa na mgonjwa wa kufuatwa. Mama alitazama mikanda, akamtazama binti yake, akaamini. Kibrashi alikimbia mechini, akafunga mabao sita, na hakuna hata moja lililompa raha.

Jumatano, akitoka shule, alipita mbele ya zahanati. Gari lilikuwa uani. Muuguzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, alikuwa ameliegemea akimshusha mtoto mgonjwa. Alipogeuka, koti lake jeupe lilikuwa na baka jeusi kuanzia kiunoni hadi begani. Blanketi la mtoto nalo lilikuwa limechafuka.

"Dereva!" aliita, na ua mzima ukageuka. "Hii ndiyo kazi yako? Gari la wagonjwa chafu kama gari la mkaa! Mara ngapi nakwambia ulifute?"

"Mama, nililifuta asubuhi..."

"Ulilifuta na nini, masizi?"

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, aliinamisha kichwa na kuanza kufuta kwa kitambaa. Kila alivyofuta, weusi ulizidi kutapakaa, na vumbi la siku nne lililonata kwenye mafuta likageuka tope.

Kibrashi alijificha nyuma ya nguzo ya lango. Miguu ilimwambia nenda nyumbani. Akasema moyoni, mama asijue, yale magari mawili yasipotee. Alipiga hatua tatu za kuondoka. Kisha akasikia benchi likicheka tena, akageuka na kutembea moja kwa moja hadi katikati ya ua.

"Shikamoo," alisema. "Mjomba dereva hana kosa. Ni mimi. Nilipaka mafuta machafu, nikamwambia mama ni dawa. Mama pia hajui."

Muuguzi mkuu alimgeukia. "Hujui kwamba nitamwambia mama yako sitaki tena kazi yake?"

"Najua. Lakini kwanza niacheni nilisafishe. Jumamosi. Likichafua tena, hayo mengine msituletee."

Dereva ndiye aliyejibu. "Nitalileta," alisema.

Jioni, Kibrashi alimweleza mama yote bila kuruka hata jambo moja. Mama alikuwa akikunja vitambaa. Aliendelea kukunja hadi cha mwisho.

"Kabla hujazaliwa," alisema, "nilikuwa kwenye gereji ya tajiri mmoja. Alituamuru tupake mafuta hayohayo ili magari yauzike haraka. Siku moja mteja alirudi, nguo za mwanawe zimeharibika. Tajiri hakusema, 'Niliamuru mimi.' Alininyooshea mimi kidole mbele ya watu wote, nikatolewa getini kabla ya chakula cha mchana. Miaka kumi na tatu, mwanangu, na bado nakumbuka shati lake lilikuwa na mistari ya bluu." Akaviweka vitambaa ndani ya ndoo. "Leo dereva amesimama palepale niliposimama mimi. Na aliyemsimamisha pale ni mwanangu."

Kibrashi alilia. Mama hakumbembeleza, wala hakumchapa. "Machozi hayatoi mafuta," alisema. "Jumamosi utayatoa wewe. Mimi nitakaa kwenye kigoda."

Jumamosi ilifika na jua lake. Kibrashi alichemsha maji, akatia sabuni, akasugua. Weusi ulitoka kidogo, ukabaki kwenye vijichirizi vya plastiki. Akachukua mswaki, akaingia kwenye kila kijichirizi. Akapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, kikatoka cheusi. Akachukua kingine, nacho cheusi. Ngozi ya vidole ilijikunja kama ya bibi kizee.

"Bado unachimba kisima?" Mng'aro alipaza sauti kutoka ng'ambo.

"Bado!" Kibrashi alijibu bila kuinua kichwa. "Nikifika kwenye maji nitakuita uoge!"

Mama alificha kicheko kwenye kanga yake. Akasema, "Yule anakwambia plastiki ni ngozi. Ngozi yako ni hai, inakunywa mafuta. Plastiki haili mafuta. Yanakaa juu yake tu, yanangoja nguo ya mtu."

Kitambaa cha kumi na nne kilitoka cheupe. Hapo ndipo alipobandika tepu kuzuia dawa isiguse rangi ya bodi, akangoja plastiki ikauke kabisa, akapaka dawa kidogo kidogo kwa sponji, akafuta iliyozidi. Gari lilibaki kivulini hadi kesho yake bila kuguswa na maji.

Jumapili muuguzi mkuu alikuja mwenyewe pamoja na dereva. Hakuuliza neno. Alitoa leso nyeupe, akaisugua kwenye mkanda wa mlango wa kushoto toka mwanzo hadi mwisho, kwa nguvu zake zote. Akaigeuza leso. Akasugua tena. Ilikuwa nyeupe.

"Wiki mbili sizingoji tena. Yalete hayo mawili," alimwambia dereva.

"Bado kuna jambo moja," mama alisema akiinuka kigodani. "Huyu baba alifokewa mbele ya benchi zima kwa kosa lisilo lake. Aombwe radhi mbele ya benchi hilohilo. La sivyo, magari hayo siyataki."

Mwaka mzima wa kazi ulikuwa unaning'inia. Muuguzi mkuu alikunja uso, akaukunjua. "Kesho asubuhi," alisema, "saa mbili, benchi likiwa limejaa." Dereva alivua kofia yake, akaipangusa ingawa haikuwa chafu.

Walipobaki wawili, Kibrashi aliuliza, "Mama, na kama angekataa?"

"Tungeendelea kungoja mteja mwingine. Sikiliza. Uvivu wako nimeusamehe. Mikono huchoka, hata yangu. Lakini ukifanya kosa kisha ukakaa kimya, kuna mtu mahali fulani atalibeba, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea. Kwa hiyo sema mapema. Sema kabla hajainamisha kichwa."

"Nitasema, mama."

"Haya. Vitambaa vile kumi na vitatu bado vyeusi. Anza kufua."