Nilimwaga Pipa la Taka, Kumbe Ndani Kulikuwa na Harusi ya Watu

"Harusi ya watu iko wapi?!"

Kaka yangu alisimama mbele yangu, mswaki mkononi, povu la dawa ya meno likimchuruzika kidevuni.

"Harusi gani, kaka?"

"Iliyokuwa kwenye pipa la taka! Humo kwenye laptop! Kimya, niambie hujaligusa!"

Jamani... nilikuwa nimelimwaga dakika kumi zilizopita. Lote!

Ngoja niwaeleze.

Mimi ni mtu wa haya, ndiyo maana kaka ananiita Kimya. Nilimaliza chuo mwaka jana. Baada ya barua ishirini na kitu zisizojibiwa, kampuni moja ikaniita kwenye mtihani wa kazi. Unafanyika mtandaoni, siku hiyo hiyo ya mkasa huu, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Sharti lao moja: uwe umesakinisha Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Nyumbani laptop ni moja, ina Windows, na ndiyo jembe la kaka. Anapiga video za harusi na kuzihariri humo.

Nikasema nitaweka mfumo wa pili kando ya ule wa kwanza, kila mmoja na chumba chake. Flashi nilishaiandaa. Maelekezo yanataka giga ishirini na tano za nafasi.

Nikatazama diski. Imejaa!

Nikafuta nyimbo zangu. Nikafuta picha zangu za chuo, roho inauma. Nikafika giga kumi na tatu, nikakwama.

Ndipo nikaona pipa la taka la kompyuta: giga kumi na nne.

Kaka alikuwa amelala, karudi toka kazini alfajiri. Niliona haya kumwamsha. Nani anaamshwa kuulizwa habari za taka?

Nikabofya. "Una uhakika?" Ndiyo!

"Lakini kaka," nilimuuliza pale aliposimama na mswaki wake, "kazi ya watu unaiwekaje kwenye taka?"

"Diski ilijaa! Nikaona nikiiweka huko haihesabiki!"

"Inahesabika, kaka. Pipa nalo liko ndani ya nyumba..."

Akakaa sakafuni pwaa, kama mzigo ulioshushwa.

"Kadi za kamera nilishazifuta. Mama wa bibi harusi anakuja saa tisa. Nimekwisha."

Nikatazama saa. Saa tano kasoro.

Chuoni tulifundishwa jambo moja: kilichofutwa hakijaondoka, kimefutwa jina tu mlangoni. Kinapotea kweli mpangaji mpya akiingia juu yake.

Na mpangaji mpya ni nani? Mfumo wangu wa pili!

Nikiusakinisha, naua harusi. Nisiposakinisha, mtihani ndiyo basi.

Nilizima laptop papo hapo. Nikaiwasha kwa flashi, bila kuandika chochote kwenye diski. Kaka akakimbia kuazima diski ya nje kwa jirani, nikaichomeka, nikaanzisha programu ya kufufua mafaili. Kwenye ramani ya diski kulikuwa na kipande cha kijivu pembeni. Sikukijali. Mtu anayezama hahesabu mawimbi.

Asilimia tatu... Asilimia saba...

Diski ilikuwa kuukuu, inakwaruza kama panya darini. Kaka alizunguka chumba hadi nikapata kizunguzungu mimi.

Saa tisa kamili, hodi!

"Mwanangu, nipe video yangu niende."

"Bado inaiva, mama," kaka akajichekesha.

"Tangu lini video inaiva? Ingekuwa chungu kingeshaungua!"

Kisha akashusha sauti.

"Mle ndani kuna baba yangu anacheza. Tumemzika wiki iliyopita. Sina picha yake nyingine akicheka."

Asilimia sitini na moja.

Kaka akafungua mdomo adanganye tena. Sijui nguvu niliitoa wapi...

"Mama, nimeifuta mimi. Kaka hana kosa. Naitafuta. Sijui kama nitaipata."

Mama wa watu aliweka mkoba wake chini. Akavua viatu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Basi nitakaa hapa hapa. Tafuta."

Saa kumi ilifika. Mtihani ukafunguliwa bila mimi. Machozi yalinidondoka kwenye kibodi, nikayafuta kwa kiganja nisije nikabonyeza kitu.

Saa kumi na dakika kumi, faili likatokea.

Nikalifungua. Mwanzo picha ikakatika-katika, kisha ikatulia. Mzee mmoja, fimbo juu, anayumbisha mabega!

"Huyo!" mama akapiga kelele huku analia. "Mwoneni anavyojidai na magoti yake mabovu!"

Tulimnakilia, akaondoka ameikumbatia flashi yake kama mtoto mchanga.

Nikarudi kukaa mbele ya laptop. Ndipo macho yangu yakarudi kwenye kile kipande cha kijivu. Giga sitini, tupu, hazina jina. Windows haikunionyesha kwa sababu hazikuwa zimegawiwa mtu.

"Kaka... hii ni nini?"

Akainamisha kichwa.

"Hiyo ni yako. Nilikusikia ukimwambia mama yetu habari za mfumo wako wa pili. Wiki mbili zilizopita nikampelekea fundi akukatie kwenye nafasi yangu. Akasema iachwe tupu, wewe utajua cha kufanya."

"Kwa hiyo diski yako ilijaa kwa sababu..."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuniamsha?"

Nilisakinisha pale pale, nikaingia kwenye mtihani zimebaki dakika kumi na nane. Kati ya maswali thelathini nilijibu kumi na moja. Sikupita. Wamesema naweza kurudia baada ya miezi mitatu, na safari hii mfumo uko tayari.

Ndugu zangu, haya yangu ilikaribia kumzika yule mzee mara ya pili. Kabla hujamwaga cha mwenzako kwa kudhani ni taka, mwamshe, muulize. Huenda nafasi unayoihangaikia alishakukatia kwenye ya kwake, akanyamaza.